Brashi 240, Macho Sufuri

Wiki mbili zilizopita kijana wa Form Three alinitumia picha kwa inboksi. Alikuwa amemchora mathe yake. Kazi ya siku nne, kwa simu, kidole badala ya kalamu. Mathe ameketi kwa stuli nje ya nyumba, leso kichwani, anakata sukuma kwa sinia. Mikono imekaa vizuri kabisa. Ukiona tu venye kisu kimeshikwa, unajua huyu kijana ameangalia hiyo kitu kila jioni ya maisha yake. Lakini ngozi ilikuwa ya kijivu. Si nyeusi, si kahawia. Kijivu ya majivu ya jiko asubuhi.

Chini yake ameandika: "Bro, nilinunua brashi zako zote. Mbona mathe anakaa maiti?"

Nilimjibu: "Endelea kukaza, utafika." Nikaweka na kale ka-emoji ka moto.

Wasee, wacha niseme ukweli mbele ya watu. Sikuwa najua jibu. Mimi, mwenye nilimuuzia pakiti ya brashi 240 kwa shilingi 350, sikuwa najua kwa nini mathe wa mtu anakaa maiti. Nilirusha moto nikaenda kulala. Ila usingizi haukuja.

Hii biashara yote ya kufunza vijana kuchora kwa kompyuta ili waingie kwa gemu imejaa watu wanauza vifaa. Vyuo vinauza programu. Watu wa video wanauza kalamu. Mimi nimeuza brashi. Hakuna mtu anakufunza kuona. Halafu wewe unanunua, unajaribu, unachoka, mwisho unaamini huna kipaji. Kipaji kiko. Kile hujapewa ni macho.

Wacha nianze na yangu ndiyo usiseme nawasema wengine tu.

Nilipoingia chuo kikuu kusomea sanaa ya gemu na katuni, mathe alichukua mkopo wa chama ndiyo nilipe muhula wa kwanza. Siku ya somo la uchoraji wa kidijitali nilifika nusu saa mapema. Nilikuwa na hamu, manze. Sasa unajua tulifanya nini muhula mzima? Menyu. Hiki kitufe kinafanya nini, lile dirisha linafungwa aje, faili inahifadhiwa wapi. Swali moja la mtihani lilikuwa: "Taja njia tatu za kuongeza leya mpya." Nilipata A. Nilikuwa na A ya uchoraji na sikuwa nimechora hata yai.

Sikuacha chuo juu ya huo mtihani. Karo ilimshinda mathe mwaka wa pili, na sikuwa na uso wa kumwambia akope tena kwa sababu ya menyu. Sijivunii hiyo kitu. Mtu akiniuliza kama aache chuo namwambia kama kuna mtu anakulipia, kaa, tumia kila kompyuta na kila saa ya intaneti ya bure uliyo nayo. Lakini usingoje wakufunze kuona. Huenda hawana huo mpango.

Nikatoka huko nikaingia kwa video za mafunzo. Huko nikaambiwa shida ni kifaa. Nikatafuta tableti ya kuchorea, mkono wa pili, elfu nne. Bado michoro ilikuwa mibaya. Nikaambiwa hapana, unahitaji ile yenye skrini. Nikahustle miezi sita nikaipata. Michoro ikawa mibaya kwa skrini kubwa. Sasa nikaambiwa shida ni brashi. Nikapakua za mawingu, za majani, za ngozi ya joka. Joka, wasee. Mimi wa Roysambu.

Baada ya mwaka nilikuwa na michoro kama arobaini hivi. Ngome za mawe. Misitu ya ukungu wa bluu. Wanaume wa ndevu wamesimama kwa theluji na upanga. Sijawahi kushika theluji maishani. Nilikuwa nakopi mwanga wenye mtu mwingine aliona, katika nchi nyingine, na ata sikujua nakopi mwanga. Nilidhani nakopi upanga.

Siku ya kuumbuka ilifika. Jamaa mmoja anatengeneza kagemu ka simu akaniomba nimchoree kibanda cha mama mboga saa ya jioni. Basi. Kitu napita mara mbili kwa siku. Nilikaa nayo wiki nzima na zile brashi zangu zote. Kibanda kilikuja kikikaa kama kiko Scotland. Jamaa aliangalia, akanyamaza, akaniambia, "Iko sawa, lakini si huku." Hakunipigia tena, na sikumlaumu.

Unajua nilifanya nini baada ya hapo? Nilikusanya hizo brashi zote nilizokuwa nimepakua na kubadilisha kidogo, nikaziita pakiti, nikaanza kuziuza. Watu 83 walinunua. Shilingi 29,050. Hiyo ndiyo historia ya mtaalamu wenu.

Sasa turudi kwa mathe wa yule kijana, kwa sababu jibu lipo, na nililipata kwa mutura.

Kuna msee anauza mutura karibu na steji yetu. Juzi saa moja jioni nilikuwa nimesimama hapo nangoja yangu ikatwe, na picha ya yule mathe bado iko kichwani. Nikamwangalia huyu jamaa usoni. Nikaangalia vizuri, vile sikuwa nimewahi kumwangalia mtu.

Chini yake kulikuwa na makaa. Kwa hivyo kidevu chake, chini ya pua na chini ya nyusi zilikuwa rangi ya chungwa, karibu nyekundu. Juu yake balbu ya LED imening'inizwa kwa waya. Kwa hivyo paji la uso lilikuwa na doa jeupe, baridi, dogo, lenye ukingo mkali kwa sababu jasho linang'aa. Nyuma yake anga ilikuwa bado na ile bluu ya mwisho, na shavu la upande wa barabara lilikuwa na hiyo bluu. Bluu, wasee. Kwa shavu la mtu mweusi. Na katikati, pale ambapo hakuna taa iliyofika moja kwa moja, ngozi yenyewe ilikuwa kahawia nzito yenye wekundu ndani yake, kama chai ya rangi ukiiangalia kwa glasi.

Hakukuwa na kijivu popote kwa hiyo sura.

Nilirudi keja nikafungua programu nikaelewa kosa, langu na la yule kijana. Tukitaka kuonyesha mwanga kwa ngozi nyeusi, tunachukua kahawia tunaisogeza kwenda kwa nyeupe. Tukitaka kivuli, tunaisogeza kwenda kwa nyeusi. Sasa jaribu hiyo kitu saa hii ukiwa na programu yoyote. Kahawia ukiongeza nyeupe, uhai wa rangi unashuka, inakuwa majivu. Kahawia ukiongeza nyeusi, inakufa, inakuwa tope. Ngozi nyeusi haifanyi hivyo kwa jua. Inapong'aa, inachukua rangi ya kile kinachoiangazia: bluu ya anga, njano ya balbu, wekundu wa murram unaoruka kutoka chini. Na pale mwanga unapoanza kuisha, kabla giza halijaingia, rangi mara nyingi inakuwa tamu zaidi, haipauki.

Hiyo ndiyo sababu mathe anakaa maiti, bro. Si brashi. Hakuna brashi kwa zile 240 ingeweza kukuambia hivyo. Na vile video nyingi tunazofuata zinachora uso wa mzungu karibu na dirisha lenye mawingu, ukichukua hiyo njia yote ukaibandika kwa mama yako, utamzika akiwa hai.

Sasa hii kitu inanichoma. Kijana alikaa siku nne akimchora mama yake kwa upendo, akaishia kuamini mikono yake ndiyo mibovu. Wangapi wameacha hapo? Wangapi wameamua kuchora ngozi nyeupe na nywele za zambarau maisha yao yote kwa sababu hizo "zinatoka vizuri"? Angalia potfolio za wasee wetu wanaotaka kuingia kwa gemu. Hesabu ni ngapi ziko na mtu anayefanana na mwenye potfolio. Halafu tunalalamika gemu hazituonyeshi.

Na ni mwanga wote, si ngozi peke yake. Hapa tuko karibu na ikweta. Saa sita mchana jua liko juu ya utosi, kivuli chako kimejikunja chini ya viatu, macho ya mtu yamezama kwa giza chini ya nyusi. Jioni jua linashuka wima, linaanguka kama limeachiliwa. Machweo ya kwetu hayana ule muda mrefu wa dhahabu unaouona kwa michoro ya Ulaya. Chini ya nusu saa, usiku umeingia. Ukichora Nairobi na jua la kulala la huko kaskazini, utapata ile Scotland yangu. Mtu ataangalia na atajua kuna uongo, ata kama hawezi kukuambia uko wapi.

Najua mtu ashaanza kuandika: "Lakini buda, kazi za gemu zinataka ujue programu." Sawa. Programu jifunze. Photoshop ilitoka 1990 na bado studio nyingi zinaitumia, sikatai. Kama huna doo, Krita ni ya bure, na Blender ni ya bure. Menyu za Krita utazizoea kwa wikendi mbili. Kuona hakuishi wikendi mbili. Sasa mbona hizo wikendi mbili ndizo tunauziwa kwa bei ya muhula mzima?

Na usidhani gemu ni kitu kipya kisicho na haja ya uchoraji wa zamani. Chukua Team Fortress 2 ya Valve, ya 2007. Wahusika tisa, na kila mmoja unamtambua kwa umbo peke yake, ata akiwa mbali, ata akipakwa nyeusi yote. Waliotengeneza hiyo gemu walisema wazi walijifunza kutoka kwa wachoraji wa matangazo na majarida ya Marekani ya mwanzo wa karne ya 20, watu kama J. C. Leyendecker na Norman Rockwell. Leyendecker alifariki 1951. Hakuwahi kushika kipanya. Alitumia rangi ya mafuta. Lakini vile kivuli chake kinaelekea kwa rangi ya baridi badala ya kuanguka kwa nyeusi tupu, hiyo ndiyo watu wa kompyuta walienda kujifunza kwake miaka 56 baadaye. Pia walifanya miguu ya wahusika iwe na giza zaidi na kifua kiwe na mwanga, ndiyo jicho lako liende juu haraka, pale silaha ilipo. Hiyo haina brashi maalum. Ni mtu amejiuliza mchezaji ataona nini kwanza.

Sasa fikiria gemu inachezwa kwa simu ya inchi sita, ndani ya mat, jua limepiga skrini, dereva anaruka matuta. Mhusika wako ni mkubwa kama punje ya mahindi. Zile nywele ulizochora moja moja na brashi ya nywele, nani atazionea wapi? Kile kitabaki ni umbo, na tofauti ya mwanga na giza. Ukikosa hizo mbili, huna mhusika. Uko na doa.

Ukitaka mfano wa karibu zaidi, enda Dar es Salaam. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora huko 1968 na rangi za kung'aa zile za kupaka baiskeli, juu ya mbao laini za ujenzi. Alifariki 1972, miaka minne tu. Leo mtindo mzima una jina lake, watalii wanauziwa hadi kesho. Angengojea kifaa sawa angekufa bila kuchora chui hata mmoja.

Kuna wa pili anasema: "Wewe, AI inachora sasa, hii yote ya nini?" Sitakudanganya. Inauma, na kuna kazi ndogo ndogo zenye tulikuwa tunategemea ambazo watu hawatuiti tena. Lakini hebu niulize. Mashine ikikupea picha nne za mama anayekata sukuma, na zote nne zinapendeza, nani atakuambia ni ipi iko na vivuli viwili na jua moja? Nani atajua ni ipi mathe anakaa maiti? Mwenye hajafunzwa kuona atachagua ile inang'aa zaidi. Kama ulikuwa unauza kubonyeza vitufe, eeh, ogopa. Mashine inabonyeza haraka kukuliko.

Na wa tatu: "Mimi nataka tu joka langu." Chora joka, ndugu yangu, sijakukataza. Lakini joka lako linahitaji ngozi, na ngozi ya mamba iko pale Mamba Village, na mijusi wako ukutani kwenu bure. Waliochora majoka yenye ulipenda waliangalia mijusi kwanza. Wewe uliangalia majoka yao. Hapo ndipo unapotea. Na pia jua kuna njia nyingine. Tales of Kenzera: ZAU ilitoka 2024, ikiongozwa na Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya. Aliitoa kwa huzuni ya kumpoteza babake, akaijaza hadithi za Kibantu, na unaweza kuicheza wahusika wakiongea Kiswahili. Hakuhitaji ngome kwa theluji.

Sasa wacha nilipe deni.

Kwanza, ile pakiti nimeitoa. Haiuzwi tena. Kama wewe ni mmoja wa wale 83, nitumie ule ujumbe wa M-Pesa wa siku uliyolipa, nitakurudishia. Sitaweza wote wiki hii, nimeshakula hiyo pesa, lakini nimeanza na wanafunzi.

Pili, hii ndiyo inapaswa kuwa ndani ya ile pakiti. Ni ya bure, na unaweza kuifanya kwa simu.

Chagua brashi moja. Ile ya duara, ngumu, yenye kila programu iko nayo. Mwezi mzima usiguse nyingine.

Wiki mbili za kwanza usitumie rangi. Nyeusi, kijivu, nyeupe, basi. Chukua kitu kimoja kwenu, sufuria, kiatu, jerikeni, kiweke karibu na mlango. Finya macho hadi uone ukungu. Vitu vidogo vitapotea, utabaki na mabaka matatu: penye mwanga, pa katikati, penye giza. Chora hayo mabaka matatu kabla ya kitu kingine chochote. Ukimaliza, punguza picha iwe ndogo kama kucha. Bado ni sufuria? Umeshinda. Si sufuria? Rudia. Usikimbilie kuweka mng'aro ndiyo kuficha.

Wiki ya tatu, kitu hicho hicho asubuhi, saa sita na saa moja jioni. Jiulize kila mara: mwanga umetoka wapi, ni wa moto au wa baridi, ukingo wa kivuli ni mkali au umeyeyuka? Jua kali linakata kivuli kama wembe. Siku ya mawingu kivuli kinayeyuka.

Wiki ya nne, mtu. Mtu unayemjua na atakayekubali kukaa. Kabla ya kuweka rangi ya shavu, sema kwa sauti ni rangi gani unaiona. Ukisema "kahawia" umesema jina la kitu, hujaona. Angalia tena.

Na nyinyi mnaofundisha, kwa vyuo na kwa video, sina shida na nyinyi kulipwa. Lakini mtoto akilipa karo ya uchoraji, mtoe nje ya hiyo maabara siku moja kwa wiki. Mkalishe mbele ya mabati yenye kutu saa nne asubuhi, umwambie asirudi hadi aone bluu iko wapi. Haitakugharimu hata tokeni ya stima.

Yule kijana nimemrudishia 350 yake na nikamwandikia sawa safari hii, bila moto. Nilimwomba msamaha, nikamweleza ile ya mutura, nikamwambia aanze na rangi tatu. Jana alinituma picha. Mathe huyo huyo, sinia hiyo hiyo, nyeusi na kijivu na nyeupe peke yake. Na unajua ni nini cha ajabu? Safari hii kijivu haikumuua. Jua lilikuwa limetoka upande wa kushoto, limegonga shavu na kifundo cha mkono, na macho yalikuwa kwa giza la leso. Ukimwona unajua ni saa kumi na anafikiria kitu.

Ameniuliza tu swali moja: "Rangi naweka lini?"

Nimemwambia aende amuangalie kwanza.